Funguo za Chombo cha Angani

Lifti ya jengo la maduka ilikuwa imegoma tena, na watu walisongamana chini wakilalamika. Mshonaji mmoja, kilemba cha njano kichwani na furushi la sare za shule kwapani, alikuwa akitafuta wa kumlaumu alipomwona fundi wa lifti kasimama.

"Wewe fundi, mbona hufanyi kazi?"

"Nasubiri injini ipoe, dada. Dakika kumi tu. Unajua kupiga risasi?"

Akamwonyesha mashine kuukuu ya mchezo wa video pale kwenye kona. Kwenye kioo chake, askari wawili wadogo, wakionekana kwa juu kama siafu sakafuni, walipita kwenye korido za chombo cha angani kilichovamiwa na wadudu wa sayari nyingine. Risasi haba, milango mingi. Kila fundi alipofikia ufunguo, alisimama ampishe mshonaji auokote.

"Mbona huchukui?"

"Funguo ukiwa nazo wewe, siwezi kukuacha nyuma."

Maneno hayo yalimgusa mshonaji penye kidonda. Aliwahi kuachwa wiki mbili kabla ya harusi, na tangu hapo hakukiamini hata kivuli chake. Lakini moyo haukumsikiliza. Miezi mitano simu zao hazikupoa.

"Sindano wangu, umekula?"

"Nimekula, Lifti wangu. Uko wapi, mbona kelele?"

"Juu ya lifti, mpenzi."

"Na nani?"

"Na grisi."

Kisha zikaja Jumamosi. Kuanzia saa nne mpaka saa sita, simu ya fundi ilizimwa. Siku moja mshonaji akapita kwenye ile mashine, akaona kwenye orodha ya washindi jina la fundi, na pembeni yake jina jingine: TAI.

"Tai ni nani?"

"Mwenzangu wa kucheza. Nivumilie kidogo, nitakwambia."

Yule mchumba wa kwanza naye alianza hivyo hivyo, na "kidogo" yake.

Jumamosi iliyofuata mshonaji alifunga cherehani, akajibanza nyuma ya masanamu ya duka la nguo lililo jirani na mashine, roho mkononi. Fundi alikuwepo, ovaroli limepigwa pasi. Na aliyeshika kishikio cha pili cha mchezo, miwani puani na kandambili miguuni, alikuwa baba yake mzazi.

"Baba!"

"Punguza sauti, binti. Tuko mlango wa mwisho."

Fundi akababaika. Mzee ndiye aliyejibu.

"Tai ndiye mimi. Alikuja kuniomba posa. Yule wa kwanza nilimwamini kwa suti yake, ukalia wewe. Huyu nikasema nimwone akiishiwa risasi, na nikamkataza kukwambia. Jumamosi nane nakwama nyuma makusudi. Kila mara anarudi kunichukua, hata kama tutakufa wote. Anatuharibia alama!"

"Kwa hiyo mmenificha nyote wawili?"

"Ndiyo," fundi akasema. "Nisamehe. Sitarudia."

Mshonaji alitaka kukasirika, na alikuwa na haki. Lakini kwenye mchezo king'ora kilikuwa kikilia, chombo karibu kulipuka, na askari wa fundi alikuwa amesimama kando ya ufunguo wa mwisho bila kuugusa. Mzee akaachia kishikio.

"Shika, mwanangu."

Akashika. "Lifti, nina maneno na wewe tukitoka humu. Na posa utaniomba mimi kwanza."

"Nitaomba, mpenzi. Pita."

Mshonaji akaokota ufunguo, akafungua mlango, akapita. Na hakugeuka kutazama kama anamfuata.