Bunda Lililonasa

Risasi ya kwanza ilipasua birika la chai mezani. Ya pili ilimpata mlinzi wa ghala kifuani, akaanguka bila hata kuguna.

Sumaku alijirusha nyuma ya rundo la shaba.

Wateja wote wa viwandani walimwita hivyo, maana hakuingia ghala la mtu bila kipande cha sumaku mfukoni. Mwaka wa pili sasa aliwahudumia wateja wakubwa wa kampuni ya vyuma: anawatembelea, anawaulizia watoto, anamezea matusi mzigo ukichelewa. Hawakujua kwamba chini ya lile koti la muuzaji ilikaa bastola ya Beretta, wala kwamba alitumwa na idara ya ujasusi.

Asubuhi hiyo alikuja kwa Bwana Mabomba, mteja mnono kuliko wote. Wakati chai inamiminwa, akapitisha sumaku yake kwenye bunda la mabomba ya aluminiamu yaliyosubiri lori.

Ikanasa.

Aluminiamu hainasi sumaku hata uibembeleze. Ndani ya kila bomba mlikuwa na mtutu wa bunduki.

Bwana Mabomba alimwona, akachomoa bunduki. Ndipo birika lilipopasuka.

Kalamu yake, iliyofichwa redio ndani, ikakoroma mfukoni. Mkuu wake wa idara.

"Lori lisitoke."

"Sawa, mkuu."

"Uko salama?"

"Kiasi."

Alifyatua mpaka Beretta ikabaki tupu. Wapambe wawili wa mteja chini, damu inatambaa sakafuni. Bwana Mabomba alikuwa amejibanza nyuma ya bunda lake, bunduki ameielekeza juu, kwenye kibanda cha kreni.

"Toka, muuzaji! Au nimshushe dada yako kwa risasi!"

Dada yake Sumaku wa tumbo moja ndiye aliyeendesha kreni ile. Kazi yenyewe Sumaku ndiye aliyemwombea, kwa mteja huyu huyu.

"Dada! Shusha sumaku ya kreni, nyanyua hilo bunda!"

"Una wazimu? Aluminiamu hainasi!"

"Hiyo itanasa! Niamini!"

"Ulisema hivyo hivyo ukaunguza jiko la mama!"

Lakini akavuta mkono wa mashine.

Risasi ikavunja kioo. Dada akapiga yowe, sikio limechanika. Hakuachia. Lile dude la duara, pana kama mfuniko wa kisima, likashuka likivuma. Bunda likaruka juu. Bunduki nayo ikamponyoka Bwana Mabomba, ikapaa, ikagandia mabomba.

Akabaki mikono mitupu, ameangalia juu, mdomo wazi.

"Achia!" Sumaku alipaza sauti.

Bunda zima lilimshukia Bwana Mabomba. Mabomba yakapasuka, mitutu ikatapakaa, mmoja ukabiringika ukiwa na damu hadi kwenye kiatu cha Sumaku.

Dereva wa lori alikwishanyoosha mikono, hata hajaambiwa.

Dada akateremka ngazi, damu inamchuruzika shingoni.

"Hivi wewe mdogo wangu, unauza nini hasa?"

"Vyuma, dada." Alimfunga sikio kwa leso yake, taratibu, kwa mafundo mawili.

Kalamu ikakoroma. "Mteja?"

"Amepokea mzigo wake."

Akafuta sumaku kwenye suruali, akaokota mkoba wa sampuli, akaelekea mlangoni.

"Na mimi kazi nitapata wapi sasa?"

"Nitakuulizia kwa mteja mwingine," alijibu bila kugeuka.