Saa ya Pili Ukutani

Kila Jumamosi Chapuchapu alifuatana na mama yake kwenye ofisi ndogo ya kukatia tiketi za ndege. Kazi yake ilikuwa kufagia, kupangusa vumbi na kuwakaribisha wateja. Jina hilo la utani alilipata darasani, maana mwalimu hajamaliza kuuliza, yeye keshajibu, iwe sahihi au ovyo.

Siku hiyo mama alikuwa hoi. Mtoto mchanga alikuwa anaota meno, na usiku kucha nyumba nzima haikulala. Adhuhuri mama aliinamia meza, akasema, "Dakika mbili tu," na usingizi ukamchukua. Chapuchapu, naye macho mazito, alipangusa saa mbili za ukutani. Moja ilikuwa nyuma ya mwenzake kwa saa mbili nzima.

"Hata wewe umechoka," aliiambia, akasogeza mishale yake mpaka zikalingana.

Punde akaingia fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, tiketi mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Usimwamshe mama, nina swali dogo tu. Kesho nampeleka mzee wangu ng'ambo kwa matibabu. Leo daktari kaniambia mgongo wake haujapona ule upasuaji, asikae kitini zaidi ya saa tatu. Eti ndege inachukua muda gani?"

Chapuchapu akaitazama tiketi: kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa nne. Hakuwa na hakika, lakini kusema "sijui" kulimshinda.

"Saa mbili tu, baba."

"Afadhali! Nilikuwa sina raha," alisema fundi, akaenda zake.

Mama alipozinduka, alitupa macho ukutani. "Nani kachezea saa?"

"Nimeirekebisha, mama. Ilikuwa nyuma."

"Haikuwa nyuma, mwanangu. Ile ni saa ya kule ng'ambo. Hapa ikiwa saa sita, kwao ndiyo kwanza saa nne."

Chapuchapu akahesabu kwa vidole. Kumbe ndege ikifika saa nne ya kule, huku ni saa sita. Mzee angekaa kitini saa nne! Alimtazama mama, macho mekundu kwa uchovu. Angenyamaza, mama angefunga kazi mapema akapumzike. Lakini mzee je?

"Mama, nimemwambia fundi uongo," alisema, akaangua kilio, akaeleza yote.

Mama hakufoka, hata nguvu za kufoka hakuwa nazo. Simu ya fundi haikupatikana, basi wakafunga ofisi, wakaenda kwa miguu juani. Walimkuta fundi akifunga begi, na mzee kajilaza kwenye mkeka.

"Saa nne?" mzee alishtuka. "Mimi hata kwa kinyozi siku hizi nakaa kwa kuugulia!"

Mama akapiga simu huku na huku, mpaka akawapatia safari nyingine, ya ndege mbili fupi, walale njiani usiku mmoja. Jua lilikuwa linazama walipoaga.

"Kwa nini hukuniamsha?" mama aliuliza njiani.

"Nilikuonea huruma."

"Uchovu wangu dawa yake ni kulala. Mgongo wa mzee wa watu tungeulipa na nini? Ukiulizwa usichokijua, sema hujui, kisha tafuta anayejua. Kusema hujui si aibu. Umekosea, lakini umesema kungali mapema, na hilo limemwokoa. Haya, nishike mkono, miguu imeniishia nguvu."