Uso wa Shaushi

Rangi ya buti ilikauka. Ya koti ikakauka. Ya uso ilibaki mbichi, na kila Riziki alipoigusa, aliikuta vuguvugu kama ngozi ya mtu.

"Umetia mafuta mengi," alisema Mwalimu Filipo, mstaafu aliyekuwa akimfundisha kuchora kwa rangi za mafuta nyumbani kwake Ufukoni. Yeye ndiye aliyempa picha ya kunakili: shaushi, yaani sajenti, wa jeshi la Mjerumani, aliyezama kwenye mdomo wa Ruvuma wakati wa vita na Mwingereza, maiti yake isionekane. "Nakili mpaka mkono uzoee. Za kwako utachora baadaye."

Riziki alienda na turubai kwake akamalizia macho. Asubuhi nyumba ilinuka baruti na tope la mikoko. Mumewe Jafari, aliyefanya kazi bandarini, alirudi kabla ya adhuhuri akipapasa ukuta.

"Riziki, sioni vizuri. Kuna ukungu."

Riziki akaitazama picha, akashika kifua. Macho ya shaushi yalikuwa ya Jafari, hata kile kidoa chekundu pembeni mwa jicho la kushoto.

Akachovya kitambaa kwenye tapentaini aifute picha yote, akaanzia mdomoni. Jafari alipiga ukelele chumbani, kisha ukelele ukakatika, na Riziki alipomkimbilia alimkuta midomo imebabuka, hawezi kutamka neno. Akarudi mbio akauchora mdomo upya, akilia na kuiomba radhi ile picha.

Bi Mwanakombo, mganga kutoka Madimba, alikuja na chetezo. Moshi wa ubani ulipomfikia Jafari, sauti nzito isiyo yake ikatoka kifuani.

"Nimekaa majini bila sura. Mwanamke huyu amenipa. Sirudishi."

"Sema unachotaka, upewe uende," Bi Mwanakombo alinong'ona. "Mbuzi? Kitambaa chekundu?"

"Uso."

Bi Mwanakombo akafunika chetezo. "Mwanangu, jini hili halitaki mbuzi. Rangi ikikauka pale, mumeo hatunaye."

"Likipewa uso mwingine?"

"Usiniulize hilo, Riziki. Nakuomba."

Lakini Riziki alikwisha kuchukua kioo cha kabatini. Alikisimamisha kando ya turubai, na huku Bi Mwanakombo akisoma dua kwa sauti iliyokuwa ikimkauka, na Jafari akikoroma kitandani kama mtu anayemeza maji, alichora jicho lake juu ya jicho la mumewe, halafu la pili, halafu pua ya mama yake mzazi aliyoirithi, halafu midomo, bila kusita wala kufuta, mpaka ikawa ni yeye aliyevaa koti lile lenye vifungo vya shaba, na rangi ikakauka papo hapo mbele ya macho yao.

Jafari akainuka. Anaona. Alitoka chumbani akimwita mkewe huku akilia kwa furaha, akamkuta ameketi wima kabisa kwenye kigoda, Bi Mwanakombo amejikunyata pembeni, khanga mdomoni.

"Riziki, mke wangu. Nimepona."

Aliyeketi akageuza kichwa taratibu.

"Hayupo," ikajibu sauti nzito. "Wewe fungua mlango. Wenzangu wametoka majini, na wote hawana sura."

Nje, kwenye baraza, mtu alikuwa akipangusa miguu.