Ariane Alinyamaza

Landry alikutana na Ariane Jumamosi moja, katika duka la vyakula vya Kiafrika huko ughaibuni, mtaa wa Mount Dennis, watu wamesongamana hadi mlangoni. Mikono yao ilidaka kwa pamoja pakiti ya mwisho ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwenye friza.

"Dada, mimi nimeifikia kwanza."

"Mkono wako uko juu ya wangu, kaka. Tazama vizuri."

Akatazama. Akaona koti jekundu lililofungwa hadi kidevuni, kilemba cha kitenge cha njano, na macho yanayomcheka. Akaiachia pakiti.

"Basi nialike nije kuila."

"Huna haya wewe!" Lakini namba ya simu akampa.

Walipendana upesi, na kabla mwaka haujaisha pete ilikuwa kidoleni. Landry alipakia mikate kiwandani Mississauga. Ariane alikuwa muuguzi katika kitengo cha hospitali kinachowapokea waliopigwa na waliobakwa. Aliwatibu, akapiga picha majeraha yao na kuhifadhi ushahidi, ili atakayetaka kwenda mahakamani asiende mikono mitupu. Habari za wagonjwa hakuzitoa nje hata chembe.

"Sheri, mpenzi wangu, ya kule hubaki kule," alimwambia kwenye simu.

"Kumbe nimechumbia kaburi!" Landry alimtania, wakacheka wote wawili.

Kisha Nicole, mdogo wake Landry, akatoroka nyumbani kwake, mtaa wa Jane na Finch. Divin, mumewe, kiongozi wa kwaya na rafiki mkubwa wa Landry, alilia begani kwa shemeji yake akidai hajui kosa lake. Jioni Nicole akapiga simu.

"Kaka, niko kwenye nyumba ya kuhifadhi wanawake. Divin alinikaba koo. Wifi ndiye aliyenitibu wiki iliyopita."

Wiki iliyopita! Wiki nzima Ariane alikula naye, akamwegemea, akamwita mpenzi. Landry alikwenda kwa Ariane bila hata kufunga zipu ya jaketi.

"Ulijua!"

"Siwezi kuzungumzia mgonjwa yeyote, Landry."

"Ni damu yangu! Nicole mwenyewe ameniambia!"

"Basi muulize Nicole."

"Nilidhani nimepata mke, kumbe nimepata jiwe. Vua pete yangu."

Ariane aliivua, akamwekea kiganjani. Kisha akamfungulia mlango atoke.

Siku mbili baadaye Nicole alikubali kukutana na kaka yake mkahawani. Sauti yake ilikuwa imekauka, na weupe wa jicho moja ulikuwa na madoa ya damu.

"Kwa nini hukuniambia?" Landry aliuliza.

"Nilikuambia. Wakati wa Pasaka nilikuonyesha mkono wangu wenye michubuko. Ukasema ndoa ni uvumilivu, ukampigia Divin simu mzungumze kiume. Ile simu yako niliilipia mimi, kaka. Kwa mwili wangu."

"Na Ariane?" Landry aliuliza.

"Wifi aliniuliza kama nataka wewe ujue. Nikakataa. Hakunilazimisha, hata kuhusu kwenda polisi aliniachia niamue mwenyewe. Tangu niolewe, hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza ninataka nini."

Asubuhi iliyofuata Landry alimsubiri Ariane kwenye theluji, nje ya jengo lake.

"Nisamehe. Nilidhani umenisaliti."

"Uliumia, najua," Ariane alisema. "Lakini ulikuja kwangu ukifoka kuhusu ulichofichwa. Hukuuliza hata mara moja kama dada yako anaweza kumeza chakula." Akapanda basi, akaenda kazini.

Nicole aliamua kushtaki. Siku ya kesi, nusu ya kwaya ilikaa nyuma ya Divin. Upande wa Nicole alikaa Landry peke yake, na wale aliokuwa akisali nao wakamtazama kama msaliti. Ariane alisimama kizimbani kama shahidi, katika gauni la bluu, akaeleza kwa utulivu michubuko ya vidole shingoni, koo lililovimba, na jinsi mtu anavyoweza kukabwa akafa siku kadhaa baadaye. Landry alisikiliza yote, machozi yakimdondoka juu ya tai.

Baada ya kikao alikaa kwenye benchi la ukumbini. Ariane akaja, akaketi karibu naye.

"Sasa imesemwa mbele ya watu wote, naweza kukuambia," alisema polepole. "Nilimtibu dada yako, Landry. Nikarudi nyumbani nikakupikia, nikaingia bafuni nikafungulia maji ili usinisikie nikilia."

Landry alinyoosha mkono. Ariane aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaushika.