Mashine ya Okoth Isiyotoa Picha

Ilianza na harufu ya udongo mbichi, mchana wa jua kali, ndani ya saiba ya Mutinda, duka lake la kompyuta na uchapishaji pale Kabiro, Kawangware. Msaidizi wake Mourine alipiga deki mara mbili, harufu ikabaki palepale, kwenye kompyuta ya kona. Mutinda hakuuliza inatoka wapi.

Okoth, aliyekuwa mshirika wake, ndiye aliyetengeneza vijitabu vya mazishi vilivyosifiwa Kawangware nzima. Alipofariki na kuzikwa kwao Siaya, mjane wake Filister alileta kompyuta ya marehemu. Aliomba atafutiwe humo video moja tu: Okoth akimwimbia binti yao Aluoch, aliyeanza kuisahau sauti ya baba. Mutinda akamwambia diski imekufa. Uongo mtupu. Alizitaka kazi za Okoth, na mwizi wa vitu vya marehemu hajiiti mwizi, hujiita mtunzaji. Akaiwasha diski ile kama kompyuta ndani ya kompyuta yake mwenyewe, ile ya kona, na kwenye mipangilio ya picha akachagua isitoe picha kabisa. Ifanye kazi, ichapishe vijitabu, ila isionekane kwenye skrini yoyote. Filister akipita, aone nini?

Siku hiyo ya harufu, Mourine alimsogelea akanong'ona.

"Boss, hii mashine si ulisema haina picha? Mbona naskia mtu anatype ndani?"

Mutinda naye akasikia: vidole viwili, taratibu, jinsi Okoth alivyozoea kuandika. Akabadilisha mipangilio ili itoe maandishi pekee, harufu ya udongo ikimjaa kooni kana kwamba ameketi ukingoni mwa kaburi ambalo halijafukiwa, na herufi zikaanza kujitokeza mojamoja, bila haraka, mpaka zikakamilika: *Mutinda, mwambie Filister.* Akaifunga programu, akachomoa waya ukutani, na vidole vikaendelea kuandika.

Mourine alikimbia kumwita Mama Sella, mwanamke wa maombi wa kanisa la kanzu nyeupe ng'ambo ya barabara. Mama Sella hakukemea. Aliweka kiganja juu ya kompyuta, akasikiliza, akauvuta mkono kwa upole.

"Huyu siwezi kumfukuza, kijana yangu. Si yeye ako na makosa. Enda useme kitu ulifanya, na usibakishe hata kidogo."

Mutinda alikwenda kwa Filister, mtaa wa Satellite, diski mfukoni, aibu ikimtafuna. Njia nzima alikariri maneno ya kukiri. Lakini Filister alipofungua mlango, Aluoch amemshika sketi, ulimi ulimgeuka.

"Nimeng'ang'ana nayo, shem. Mwishowe imeamka."

Filister akalia, akamshika mikono yote miwili.

"Mungu akubariki, shem. Marafiki wote wa Okoth walinitoroka, ni wewe tu ulibaki."

Hapo ndipo angesema. Badala yake akamkabidhi diski, akaaga, na baraka ile ikamchoma kuliko tusi.

Alirudi Kabiro akakuta harufu imekwisha. Alishukuru, mnafiki yule. Saiba ilikuwa imejaa wateja, wote wanaandika, lakini kila skrini aliyoitazama ilikuwa nyeusi tititi, haitoi picha. Akatoa simu yake, nayo nyeusi.

"Mourine," aliuliza polepole, "stima zimepotea?"

"Hapana, boss. Kila mtu anaona."