Kichwa Kilichosukwa Nusu

Kila alipotoka shuleni, Kidole aliweka mkoba chini ya meza, akanawa mikono na kuanza kumchambulia shangazi yake nywele za bandia. Shangazi alikuwa msusi, na sebule yao ndiyo iliyokuwa saluni. Mteja aliketi kwenye kigoda, shangazi akamwinamia kutwa nzima, akisuka na kutania. Alisifika kwa jambo moja: hakuwahi kumwacha mteja njiani.

Mgongo ulikuwa umemtesa kwa miaka mingi. Hivi karibuni daktari alimwandikia vidonge vipya vyenye nguvu, na kweli maumivu yalipungua. Ajabu ni kwamba na utani nao ulipungua.

Siku hiyo alikuwa akimsuka mwalimu wa hesabu. Alipofika katikati ya kichwa, akaweka kitana chini.

"Mwalimu, nitakumalizia siku nyingine."

"Siku nyingine? Na huu upande?" Mwalimu alishika nywele zilizosimama timtim. "Kesho nasimama mbele ya darasa!"

"Jifunge kitambaa," shangazi alijibu, akaenda kulala.

Kidole alimfuata chumbani. "Shangazi, mgongo unauma?"

"Leo hauumi sana, mwanangu."

"Sasa mbona umeacha?"

"Sijui. Sina hamu tu."

Kidole alichanganyikiwa. Zamani mgongo uliuma na kazi ilikwenda. Sasa mgongo umetulia na kazi imelala. Je, shangazi amekuwa mvivu? Au vidonge ndivyo vimemwibia hamu yake? Mwalimu hakuwa mtu wa kunyamaza, na wateja wakisikia habari ile, nani angerudi? Bila kumuuliza mtu, Kidole alichukua kichupa cha dawa na kukificha ndani ya pakiti ya nywele.

Kesho yake shangazi aliamka akitetemeka, jasho linamtiririka. Kila alipojaribu kuinuka, maumivu yalimrudisha kitandani.

"Dawa zangu ziko wapi?"

Kidole alitaka kukaa kimya. Alipomwona shangazi anauma mto, moyo ulimshinda. "Nimezificha mimi. Nilitaka uwe kama zamani!"

Shangazi hakumgombeza. Hata nguvu za kugombeza hakuwa nazo. Kidole alikitoa kichupa alikokificha, na jirani akawapeleka zahanati kwa gari lake.

Muuguzi alikitikisa kichupa. "Mbona vidonge vimebaki vichache hivi?"

Shangazi aliinamisha macho. "Akija mteja mwenye nywele nyingi, naongeza kimoja ili nimalize kichwa."

"Kumbe! Unaongeza ili umalize, na huko kuongeza ndiko kunakufanya usimalize."

"Kwa hiyo si mvivu?" Kidole aliuliza.

"Hata kidogo. Dawa hii ikizidi, mtu anakuwa mzito na hamu inapotea. Lakini maumivu ya miaka nayo humla mtu hamu, kwa hiyo tusilaumu dawa peke yake. Na kuikata ghafla ni hatari, umejionea. Daktari ataipunguza kidogo kidogo." Akamgeukia shangazi. "Wateja wako hukaa wapi?"

"Kwenye kigoda."

"Wainuke wao, usiiname wewe."

Jumamosi mwalimu alirudi, kitambaa bado kichwani. Alikalishwa kwenye kiti kirefu. Shangazi alisuka mistari michache, akanyoosha mgongo, akasuka tena. Mgongo ulikuwa bado unauma, na hakuna aliyejua hamu yake ingerudi yote lini.

"Kidole," alisema huku akisuka, "mimi niliongeza dawa kimya kimya, wewe ukaificha kimya kimya, tukaponea chupuchupu. Dawa haichezewi kwa kubahatisha. Ukiniona nimebadilika, niulize. Nisipokuwa na jibu, twende tukamuulize anayejua."

"Ndiyo, Shangazi."

Mstari wa mwisho ulipofungwa, shangazi alimgusa mteja wake begani. "Mwalimu, nusu ukijumlisha na nusu unapata ngapi?"

"Moja."

"Haya, nenda na kichwa chako kizima."

Kidole alicheka mpaka machozi yakamtoka. Utani ule alikuwa ameukosa kweli.