Nililetewa Kaseti, Nikanyimwa Dansi

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mkazi wa Mandewa, hapa Singida mjini. Sina mume, sina mtoto. Ninashona nguo kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga. Jina langu ni Zainabu, na sioni sababu ya kulificha, maana walionitenda wananijua na mji mzima ulishasikia.

Ndugu wasomaji, haya ninayowaeleza yalinikuta kwa sababu ya kupenda muziki. Hapana... si muziki ulioniponza. Ni jinsi nilivyokubali kuupenda nikiwa nimefungiwa ndani!

Niliolewa na Yasini nikiwa binti wa miaka ishirini na mbili. Baba yangu alikuwa akiuza vitambaa sokoni, na Yasini alikuwa kijana wa dini, mchapakazi, asiyelewa. Wakati huo serikali ilikuwa imefungua biashara kwa watu wote na kila mwenye nguvu alikuwa barabarani. Yasini alipeleka vitunguu na mafuta ya alizeti Dar es Salaam, akarudi na marobota ya mitumba. Alikuwa akikaa nyumbani wiki moja, wiki mbili hayupo. Sikulalamika. Ningelalamika nini, na nyumba ilikuwa haikosi kitu?

Aliyenipa furaha wakati Yasini hayupo alikuwa dada yake, Rukia. Wifi yangu huyo alikuwa ameachika, akakodi chumba jirani na sisi, akifanya kazi ya kusuka nywele. Tulikuwa rika moja. Tulipika pamoja, tulikula sinia moja, na zaidi ya yote tulipenda bendi moja.

Bendi hiyo iliitwa Kiangazi. Wengi wenu hamkuisikia, na si kosa lenu, redioni haikupigwa. Vijana hao walikuwa wanamuziki wa shirika moja la umma. Shirika lilipofungwa, wakanyang'anywa vyombo, wakaambiwa kila mtu arudi kwao. Hawakurudi. Waliazima magitaa, wakatafuta dramu lililochakaa, wakaanza kuzunguka wenyewe Dodoma, Manyoni, Itigi. Hawakuwa na shirika wala tajiri. Kaseti zao walizibeba kwenye begi na kuziuza mlangoni mwa ukumbi. Dukani huzipati! Ukiitaka kaseti ya Kiangazi, lazima mtu aende dansini.

Albamu yao ya kwanza, Nauli ya Kurudi, ilirekodiwa vibaya mno. Katikati ya wimbo mmoja unasikia jogoo akiwika nje. Lakini lile gitaa la solo! Lilikuwa halikimbii kama magitaa ya bendi kubwa. Lilikuwa linatembea polepole, kama mtu anayekueleza jambo zito na anachagua maneno. Albamu ya pili, Jirani, ilikuwa safi zaidi, na wapo waliosema ndiyo bora. Mimi na Rukia tulibishana juu ya hilo mwaka mzima. Yeye alipenda Jirani kwa sababu inachezeka. Mimi nilisema ya kwanza ina ukweli zaidi, hata huyo jogoo nampenda. Kisha ikaja ya tatu, Kesho Kutwa, tukaacha ubishi. Upande wake wa pili niliusikiliza mpaka utepe ukalegea, nikawa nauzungusha kwa kalamu.

Kuna watu wanaopenda muziki hivyo. Mimi ni mmoja wao, na sioni aibu.

Tatizo ni kwamba sikuwahi kuwaona. Nilimwomba Yasini anipeleke walau kwenye bugi, lile dansi la mchana ambalo hata wake za watu walikwenda na watoto wao. Akakataa. Hakunigombeza, alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alisema ukumbini si mahali pa mke wake, ila kila kaseti mpya itakayotoka ataniletea. Nikamuuliza mbona Rukia anakwenda. Akajibu kwamba Rukia hana mume.

Nikaridhika. Ndiyo, niliridhika! Kaseti zililetwa kweli, mara na Yasini, mara na Rukia. Na Rukia akirudi kutoka dansini Manyoni alikuwa ananisimulia yote: mpiga solo alivaa nini, wimbo gani waliurudia, nani alianguka akicheza. Nilicheka mpaka machozi. Niliona kama nami nilikuwepo.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika. Ya pili ikafika miezi sita, nikaanza kuumwa tumbo nikiwa jikoni. Yasini alikuwa safarini, Rukia alikuwa Manyoni dansini. Jirani alinipeleka hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mtoto alitoka akiwa amekufa. Alikuwa wa kiume... Baba yangu na majirani ndio waliomzika.

Rukia aliporudi alilia nami, akanikumbatia kitandani. Kisha akatoa kaseti kwenye kanga. Hiyo haikuwa albamu, ilikuwa dansi lenyewe, alilirekodi kwa redio yake akiwa amekaa mbele. Alisema ameniletea ili nipate nafuu. Niliisikiliza wiki nzima. Kulikuwa na mahali ambapo mwimbaji anaanza kutoa salamu kwa waliofika, mara sauti inakatika, kimya kidogo, kisha wimbo mwingine. Nilidhani betri zilimwishia. Nani angedhani vingine?

Mwaka uliofuata mama yangu mdogo anayeishi Kilimatinde alimwoza binti yake, nikaenda harusini kwa ruhusa ya mume wangu. Yasini alikuwa ameaga kwamba anakwenda Dar es Salaam. Rukia naye alikuwa ameniambia mapema kwamba Jumamosi ya wiki hiyo hiyo Kiangazi wanapiga bugi Manyoni na yeye hawezi kuikosa.

Harusi ilipokwisha nikamweleza mama mdogo jinsi roho inavyoniuma. Kilimatinde na Manyoni ni karibu, na mimi bendi yangu sijawahi kuiona kwa macho. Akanitazama, akasema, "Nenda, mwanangu. Kusikiliza muziki mchana na wifi yako kuna ubaya gani?"

Nikaenda. Nilivaa doti mpya ya kanga niliyopewa harusini. Njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu nikiwaza Rukia atakavyoshtuka kwa furaha.

Nilipofika mlangoni walikuwa wameshaanza. Jamani! Nilisimama pale nikashindwa kuingia. Gitaa nililolijua kwa miaka yote hiyo kupitia spika ndogo ya redio lilikuwa mbele yangu, kubwa, linapita kifuani. Mpiga solo alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia ya pama, amefumba macho. Nilisikia besi ambayo kwenye kaseti haisikiki kabisa. Kumbe wimbo ule ulikuwa na besi! Nililia, wasomaji. Nililia kwa furaha mlangoni mwa ukumbi, na mkata tiketi akaniuliza kama nimefiwa.

Kisha nikamwona Rukia. Alikuwa ameketi mbele, meza moja na msichana mweupe mwembamba aliyepakata mtoto. Nikapita katikati ya wachezaji, nikamfunika macho kwa nyuma. Akageuka akicheka. Aliponiona, kicheko kikafa.

Yule msichana akamuuliza ni nani mgeni huyu. Rukia akasema, "Huyu... huyu ni Zainabu."

Msichana akainuka kwa heshima, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, wifi. Kumbe ndiye wewe! Pole na kuumwa. Nimekuwa nikiomba niletwe nikuone, kila siku naambiwa bado hujapata nafuu."

Nikaitikia marahaba bila kujua naitikia nini. Akaniwekea mtoto mikononi. Alikuwa wa kiume, ameanza kuota meno. Akamwambia mtoto, "Msalimie shangazi yako."

Nilimtazama mtoto yule. Paji la uso la Yasini. Masikio ya Yasini, yale yanayosimama. Nikamuuliza msichana, mimi ni shangazi wa mtoto huyu kwa upande gani?

"Wifi jamani, kwa kaka yako," alisema akitabasamu. "Kwa Yasini."

Bendi ilikuwa inapiga. Watu walikuwa wanacheza. Rukia alinishika mkono chini ya meza na kunibana, kana kwamba ananiomba nikubali... nikubali kuwa dada wa mume wangu!

Nikasema, "Mimi si wifi yako. Yasini ni mume wangu, huu ni mwaka wa sita."

Tabasamu lilimtoka taratibu. Alinyoosha mikono, akamchukua mtoto wake, akakaa chini. Alimwangalia Rukia tu, na Rukia alitazama meza.

Wakati huo huo Yasini akatokea kaunta, ameshika chupa za soda. Dar es Salaam yake ilikuwa hapo! Alituona sote. Aliweka chupa mezani moja moja, bila kumwaga, akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, "Zainabu, tutaongea nyumbani."

Sikupiga kelele. Nilitoka nje, na wimbo uliokuwa ukipigwa ulikuwa ule wa upande wa pili wa Kesho Kutwa. Sikuusikia mpaka mwisho.

Mengine niliyajua baadaye, na kila nililolijua lilinichimba upya. Yasini alimwoa Tatu, hilo ndilo jina la yule msichana, kwa kumdanganya yeye na wazazi wake kwamba hana mke, ana dada mgonjwa tu Singida, aitwaye Zainabu, anayemtunza. Rukia ndiye aliyekwenda kuposa. Na lile dansi la kaseti iliyokatika? Siku hiyo Yasini aliialika bendi kwenye sherehe ya mtoto wake wa kiume. Salamu zilizofutwa zilikuwa za kumpongeza yeye na mkewe! Siku ile ile wangu alipokuwa anazikwa, baba yake anacheza. Rukia akafuta, akaniletea kilichobaki ili kinifariji. Mimi nikamshukuru... Nilimshukuru kwa mdomo wangu huu!

Tulipokutanishwa mbele ya wazee, Yasini alisema dini inamruhusu wake wanne na kwamba alinificha kwa huruma, kwa kuwa nilikuwa nimepoteza watoto. Baba yangu mzazi akakubaliana naye. Aliniambia nirudi nyumbani kwangu nikatulie, mume ametumia haki yake.

Nikamjibu, "Baba, haki yake sijaikataa. Nimekataa kufanywa dada yake."

Baba alichukia. Alisema nimemwaibisha kwa ajili ya ngoma za baani. Nilipewa talaka na mlango wa nyumba ya baba nao ukafungwa. Mama ndiye aliyenipokea, kwao Ikungi, ambako alikuwa anamuuguza bibi. Nilikaa huko nikipalilia alizeti za watu. Baba alipougua nilikwenda kumwona, akageukia ukutani. Alifariki hivyo, hatujasemeshana. Hilo mpaka leo sijui niliweke wapi.

Rukia alikuja mara moja. Alikaa mlangoni, akasema alikuwa ananilinda, alijua ningeumia. Alisema yeye ni mtu wa kuachika, anaishi kwa hisani ya kaka yake, angefanyaje? Nilimsikiliza. Huenda alisema kweli. Lakini nilimuuliza swali moja tu, alipokuwa ananisimulia madansi yale nami nikicheka, alikuwa anamcheka nani? Akalia.

Mume nimeshamsahau, aminini msiamini. Rukia ndiye sijamsahau. Tukikutana sokoni ananisalimia, naitika, tunapishana. Nikipata kaseti mpya, sina wa kubishana naye. Unajua uchungu wa kusikia gitaa zuri, ukageuka kumwambia mtu, ukakuta ukuta?

Na Kiangazi wenyewe? Nilipopata nguvu za kurudi mjini na uhuru wa kwenda popote, niliuliza watakuja lini. Nikaambiwa mpiga solo alikonda, akarudishwa kwao akafia huko, kwa ugonjwa huu wa miaka yetu. Waliobaki walitawanyika, mmoja anachimba dhahabu Sekenke. Nilisubiri miaka yote hiyo kuwaona, na nilichoona mimi ni wimbo mmoja na nusu. Hawatapiga tena.

Dada zangu mnaosoma haya, sisemi msiolewe, wala sisemi kila mume ni mwongo. Nasema mwanamke asikubali kuletewa dunia mkononi kama mgonjwa wakati miguu anayo. Mume akikukataza mahali ambapo yeye na ndugu zake wanakwenda, muulize kuna nini huko. Muulize mapema, kabla hujazoea zawadi. Mimi nilizoea, nikaona napendwa.

Na ninyi wifi, mnaoshikilia siri za kaka zenu huku mnakula na wake zao... mkumbuke kwamba kaka anaweza kupata mke mwingine. Sisi rafiki kama ninyi hatuwapati tena. Tafadhalini, msitufanyie hivyo.